Carnival Fantasy: miaka 30 majini, kisha inakatwa vipande. Hesabu yake inakwendaje?

Pwani_Tupu

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wanaoijua meli ya kitalii kwa ndani wanieleweshe. Carnival Fantasy ilianza kubeba abiria 1990, ikapambwa upya mara kadhaa, ikafungwa slaidi za maji juu ya sitaha, halafu Julai 2020 ikapelekwa Aliağa, Uturuki, ikapandishwa ufukweni ikakatwa. Ukiitazama kwenye picha za mwisho bado ni nzuri kuliko hoteli nyingi.

Ninachotaka kujua: tangu meli kama hiyo ishuliwe hadi ikatwe inapitia nini, na ni kitu gani hasa kinachochakaa? Pili, mwenye mali anakubalije hasara hii? Nimepiga hesabu: tani 70,367, tuseme chuma chakavu ni dola 400 kwa tani, inakuja dola milioni 28 na ushei. Kuijenga kuligharimu dola milioni 225. Nimekosea wapi?

Kamba_Nene

Umekosea kwenye tani, mkuu. Hizo si tani za mizani. Subiri wenye fani waje.

Taruma

Kamba_Nene kasema kweli. Ile 70,367 ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi iliyozungukwa na kuta za meli, na hutumika kwenye ada za bandari, kanuni na vyeti. Ukiirudisha nyuma kwa fomula ya mkataba wa upimaji wa meli unapata kama mita za ujazo 229,000 za nafasi. Haisemi lolote kuhusu uzito.

Mkata chuma ananunua uzito mtupu: meli bila mafuta, maji, chakula wala watu. Kuukadiria si kazi. Fantasy ilikuwa na upana wa mita 31.5, ilizama majini kama mita 7.8, na urefu wake kwenye mstari wa maji ni kama mita 225. Zidisha hivyo vitatu, unapata boksi la mita za ujazo 55,000. Meli si boksi, imechongwa omo na tezi, yaani mbele na nyuma, kwa hiyo chukua asilimia 62 hivi ya hilo boksi, kisha zidisha kwa 1.025 maana maji ya chumvi ni mazito kidogo. Unafika tani 35,000 meli ikiwa imejaa. Toa mzigo wa tani 7,000 hivi: mafuta, maji, farumi (uzito wa kuituliza meli), vyakula, watu na mabegi yao. Kinachobaki ni kama 28,000. Ni makadirio, lakini utaona umbali wake na 70,367. Na bei ya Uturuki haikuwa 400 wala karibu yake, hilo wengine watalieleza.

Sasa kushua. Watu wengi picha waliyo nayo kichwani ni ya meli kuteleza kinyumenyume hadi majini na chupa kuvunjwa ubavuni. Meli kubwa za kitalii siku hizi hazishuliwi hivyo. Zinajengwa ndani ya chelezo, na siku ikifika wanafungulia maji taratibu mpaka meli inaelea yenyewe. Chupa mara nyingi huja baadaye kabisa, kwenye sherehe ya kuipa jina. Fantasy ilijengwa Helsinki kwenye chelezo lenye paa, kwa sababu huwezi kuchomelea na kupaka rangi vizuri kwenye baridi ya Ufini. Ilielea Desemba 1988, ikakabidhiwa mwanzoni mwa 1990. Kwa maneno mengine, siku ya kushuliwa kazi ilikuwa bado mbichi: zaidi ya mwaka mzima uliobaki ulikwenda kwenye nyaya, mabomba, kabini, jikoni na majaribio ya baharini. Katikati ya hapo, Oktoba 1989, kampuni ya ujenzi, Wärtsilä Marine, ikafilisika, na kazi ikamaliziwa chini ya kampuni mpya, Masa-Yards.

Kuna jaribio moja la wakati huo ambalo watu hawalisemi na ndilo linaloifuata meli maisha yake yote. Meli ikiwa imetulia gatini, siku isiyo na upepo, unahamisha uzito unaoujua kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, kwa umbali unaoujua, huku timazi ndefu imening'inizwa ndani. Timazi inasogea milimita kadhaa, na kutokana na hizo unapata kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani. Namba hiyo huingia kwenye kitabu cha uthabiti anachotumia nahodha kila safari. Sasa miaka inapita, unaongeza slaidi juu kabisa, unachomelea roshani, unapaka rangi juu ya rangi, stoo zinajaa vitu visivyojulikana ni vya nani. Meli inanenepa, tena inanenepea kichwani. Kwa meli za abiria sheria inataka uzito mtupu upimwe upya angalau kila miaka mitano, na ukikuta umepotoka zaidi ya asilimia 2, lile jaribio la timazi linarudiwa. Ndiyo maana meli nyingi za umri huo zimechomelewa kipande cha nyongeza nyuma kwenye usawa wa maji, kama mkia wa bata. Wasafiri hudhani ni mapambo. Ni kuongeza eneo la kuelea ili zile nyongeza za juu zikubalike.

Chumba_cha_Mitambo

Nami niingie kwenye kinachochakaa. Fantasy ilikuwa na injini sita za dizeli zisizoshikana na shafti. Zinazungusha jenereta za volti 6,600, na umeme huo ndio unaoendesha mota mbili kubwa za rafadha, yaani propela za kusukuma meli, pamoja na hoteli nzima. Uzuri wake ni kwamba usiku mkitembea polepole unazima injini mbili na kuzifungua, huku abiria hawana habari.

Injini yenyewe haiui meli. Kila kitu ndani yake kinabadilishwa. Injini za namna hii zikichoma mafuta mazito, pistoni hutolewa kila baada ya saa 12,000 hivi, na injini moja hufanya saa 5,000 au 6,000 kwa mwaka. Unatoa kichwa cha silinda, unapima ukuta wa ndani wa silinda, unabadilisha ringi, unasaga viti vya vali, unarudisha. Sindano za mafuta na pampu zina ratiba yao fupi zaidi. Ukiwa na spea na mafundi, injini ya 1990 inafanya kazi 2030 bila shida.

Wauaji wa kweli ni watatu: mabomba, nyaya, na kadi za umeme zisizotengenezwa tena.

Hapa nieleze mabomba. Meli kama hii ina kilomita nyingi za mabomba na mengi yako juu ya dari za kabini, mahali ambapo hayaonekani. Ya maji machafu ya bafuni yanaoza kutoka ndani kwenda nje, hasa kwenye kona na chini ya vali ambako uchafu unatulia. Ya choo yanavuta kwa utupu. Mkojo na maji ya chumvi vinajenga ukoko mgumu ndani mpaka tundu la sentimita tano linabaki upana wa kidole. Unayaosha kwa asidi kila mara, na asidi nayo inakula bomba. Mwishoni unakuta bomba limefungwa vibano vya muda kila baada ya hatua tatu. Kulibadilisha kweli kunataka kubomoa dari za kabini ishirini, ambazo zimeuzwa kwa wiki ijayo.

Chini ya bafu nako ni hivyohivyo. Kabini zinaletwa zimekamilika kutoka kiwandani kama masanduku na kusukumwa mahali pake. Baada ya miaka 25 maji yanapita chini ya sakafu ya bafu na kukaa juu ya bamba la sitaha. Bamba la sitaha za juu ni jembamba, milimita 5 au 6 tu. Wakaguzi wanakuja na kipimo cha mawimbi ya sauti, wanagusa hapa na pale, na kwa kawaida bamba likipungua kati ya asilimia 20 na 25 ya unene wake wa asili linakatwa linawekwa jipya. Chini kabisa, kwenye mkuku na matangi ya farumi, mabamba ni manene lakini kutu ni kali zaidi.

Moto ndio hatari kubwa kuliko kutu. Mfano wa nduguye Fantasy: Julai 1998, Ecstasy, ikitoka Miami. Mafundi walikuwa wanachomelea kwenye chumba cha dobi. Cheche ikashika vumbi la nguo lililojaa ndani ya njia ya hewa. Moto ukasafiri kwa hiyo njia hadi sitaha ya kufungia kamba nyuma ya meli, ukazikuta kamba za plastiki, na hizo zikishika moto huzimi kwa ndoo. Mfano wa pili ni Carnival Triumph, Februari 2013: mpira wa kurudishia mafuta kwenye jenereta namba 6 ulivuja, mafuta yakarukia sehemu ya moto, chumba kikaungua. Injini nyingine zilikuwa nzima, lakini umeme ulishindwa kutoka kwa sababu nyaya zilipita palepale. Meli ikavutwa hadi Mobile, Alabama. Baada ya hapo ilibidi nyaya zipitishwe njia tofauti na mipira ipewe ratiba fupi ya kubadilishwa. Mpira wa bei ndogo, meli nzima bila vyoo siku kadhaa.

Na chelezo: wiki mbili au tatu kila baada ya miaka miwili na nusu hadi mitatu. Maji yakishatoka, siku ya kwanza ni kuosha chini kwa maji ya shinikizo kubwa kabla mwani na magamba hayajakauka, maana yakikauka yanashika kama saruji. Kisha rangi, vipande vipya vya zinki vya kuzuia kutu, sili za shafti, vali zote za kuingiza maji ya bahari, mapezi ya kuzuia kuyumba. Huku juu mazulia yanang'olewa. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuwapa watu wa mapambo ratiba nzima, halafu vali za chini zinafunguliwa siku ya tatu kabla ya kurudisha maji. Ukikuta moja imeoza na spea haipo, utalipia chelezo siku za ziada na safari iliyouzwa inafutwa.

Pwani_Tupu

Asanteni sana, nimeelewa zaidi ya nilivyouliza. Lakini kama injini inaweza kufika 2030, kwa nini isiuzwe kwa kampuni ndogo ikaendelea?

Bi_Bandari

Ndivyo ilivyokuwa zamani, kaka. Meli ikifika miaka 20 inashuka daraja: kampuni kubwa inaiuza kwa ndogo, ndogo inaiuza kwa ndogo zaidi, jina linabadilika mara nne au tano na bendera nayo. Mambo mawili yamebana njia hiyo. La kwanza ni kanuni ya SOLAS (mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli) ya Oktoba 2010 iliyokataza meli za zamani zilizojengwa kwa vifaa vinavyoungua kwa urahisi. Hiyo ilifagia kizazi chote cha meli za miaka ya 1950 hadi 1970. La pili ni 2020.

Januari 2020 salfa kwenye mafuta ya meli ilishushwa duniani kote hadi asilimia 0.50. Ama ununue mafuta ya bei ya juu, ama ufunge mtambo wa kuosha moshi ndani ya dohani. Miezi miwili baadaye korona ikasimamisha kila kitu. Meli iliyosimama inakula pesa. Ukiiacha na joto, yaani jenereta moja inawaka na viyoyozi vinakausha hewa, unahitaji mabaharia 80 au 100 na mafuta kila siku. Ukiizima kabisa unapunguza watu hadi dazeni chache, lakini ukungu unaingia kwenye mazulia na magodoro, sili zinakauka, na kuiamsha kunachukua wiki nyingi. Kwa meli ya miaka 30 iliyokaribia ukaguzi mkubwa wa miaka mitano, hesabu haikubali. Na mnunuzi huyo mdogo naye kasimamisha zake.

Halafu kuna vitanda. Fantasy ilikuwa na nafasi zaidi ya 2,000 kwa wawili kila kabini, nyingi hazina roshani, na roshani ndiyo inayouza. Mardi Gras, iliyoanza kazi Julai 2021, inachukua zaidi ya 5,200 kwa hesabu hiyohiyo na inatumia gesi asilia. Nahodha ni mmoja kila meli, daraja la uongozaji ni moja. Gawa gharama kwa kichwa uone.

Kujaribu kuuza walijaribu. Nduguye, Fascination, iliuzwa 2020 iwe hoteli ya kuelea, ikaitwa Century Harmony. Mwaka 2022 nayo ikaishia kukatwa Pakistani. Wadogo wa mwisho, Elation na Paradise za 1998, bado wanafanya kazi; wana mota zilizoning'inia chini ya meli badala ya shafti ndefu, wanakula mafuta kidogo zaidi.

Kuhusu "hasara": zile milioni 225 zilisharudi zamani. Kwenye vitabu meli inashushwa thamani kila mwaka kwa miaka 30 hivi, na kabla ya korona ilisafiri imejaa karibu kila wiki. Chuma chakavu ni chenji tu.

Mkata_Chuma

Nimalizie mimi. Kwanza kwa nini Uturuki, ambako wanalipa pungufu kuliko India au Bangladesh, mara nyingine nusu? Kwa sababu baadhi ya yadi za Aliağa zimo kwenye orodha iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kampuni yenye hisa sokoni haitaki picha ya vijana wasio na viatu chini ya jina lake. Wengine huuza kwa dalali wa kati, meli inapewa bendera ya muda ya safari moja (jirani zetu Komoro wamo sana kwenye biashara hiyo) na inaibukia Alang, ufukwe wa kukatia meli kule India. Mkataba wa Hong Kong, ule wa ukataji salama wa meli, umeanza kutumika Juni 2025, tuone utabadilisha nini.

Kabla haijafika lazima kuwe na orodha ya vitu vya sumu: asbesto iko wapi, gesi za friji kilo ngapi, betri, vigunduzi vya moshi vyenye mionzi, mafuta ya transfoma. Meli ya 1990 ina asbesto kidogo sana ukilinganisha na Norway, ile SS France ya zamani, iliyozuiwa na kesi mahakamani India mpaka 2007 kwa ajili ya asbesto na sumu nyingine. Lakini kidogo si sifuri: gasketi, breki za winchi, bitana za mabomba ya moshi.

Alang meli inapandishwa na maji makuu, ambayo hupanda na kushuka mita kumi hivi, na yakitoka inabaki mchangani. Aliağa maji hayapandi kiasi hicho. Wanaipunguza uzito wa omo kwa kuhamisha farumi nyuma, wanaielekeza ufukweni kwa nguvu zake yenyewe, omo inakaa juu ya ukingo na tezi inaendelea kuelea. Kadiri wanavyokata mbele inakuwa nyepesi, winchi inaivuta mita chache, wanakata tena. Sehemu ya mwisho ya sakafu ya chini inavutwa nchi kavu kabisa, kwenye zege yenye mifereji, ili mabaki ya mafuta yasiingie baharini.

Wiki za kwanza hakuna anayegusa chuma. Wanatoa mafuta, vilainishi, gesi za viyoyozi, halafu hoteli: vitanda, viti, sahani, taa, vioo. Meli ya kitalii ni kero kwa mkataji. Meli ya makaa ni chuma tupu, hii ni sponji, plastiki, pamba ya madini, mbao za gundi. Ukileta tochi ya gesi mapema, povu lililobaki nyuma ya ukuta linashika moto na moshi wake unaua haraka. Faida yake ni shaba: nyaya ni nyingi mno. Rafadha nazo huuzwa peke yake kwa bei nyingine, ni aloi ya shaba, alumini na nikeli.

Kukata kunaanzia juu kwenda chini, omo kwenda tezi. Kreni inashika bloku kwanza, ndipo mkataji anamalizia mstari. Mwenye haraka akikata kabla ya minyororo kukaza, bloku inazunguka na kumfuata. Chini ardhini zinakatwa vipande vya kuingia tanuruni, na matanuru ya umeme yako palepale jirani.

Kinachoua zaidi hakionekani. Tangi lililofungwa lenye kutu limekwisha oksijeni, maana kutu ndiyo iliyoila. Maji yaliyooza chini ya meli yanatoa gesi ya mayai viza, na kipimo kikizidi pua inakufa ganzi, hunusi tena. Agosti 2013, Aliağa, meli Pacific, iliyowahi kuitwa Pacific Princess, ilifika na maji chumba cha mitambo. Wafanyakazi wawili walikufa kwa gesi humo ndani. Utaratibu ni kupima juu, katikati na chini ya tangi, kila asubuhi, na kupima tena baada ya mapumziko ya chakula. Kipimo cha jana ni karatasi tu.

Kamba_Nene

Swali la pembeni, Mkata_Chuma. Hivyo vyombo vya jikoni vikitoka kwenye meli vinauzwa rejareja? Oveni na mafriji ya kule yangefaa hoteli za huku.

Mkata_Chuma

Vinauzwa, kuna maduka mengi nje ya yadi. Kwa umeme muulize Chumba_cha_Mitambo kabla hujalipia kontena.

Chumba_cha_Mitambo

Soma kibandiko kwanza. Vya jikoni kubwa la melini vingi vimeandikwa 440V 60Hz, fezi tatu. Huku kwetu ni 400V 50Hz.

Oveni ya koili itawaka tu, ila nguvu inashuka: 400 kwa 440 mara yenyewe ni 0.83, kwa hiyo oveni ya kilowati 12 inakupa kama 10. Mkate unachelewa, basi. Angalia tu saa yake na kadi ya kidhibiti, baadhi zinahesabu muda kutokana na 60Hz.

Friji ni habari nyingine. Mota itazunguka kwa asilimia 83 ya kasi, ubaridi unapungua kwa kiasi hichohicho, na feni nayo inapeperusha hewa kidogo. Tena mota ya 440 kwa 60 ina volti 7.3 kwa kila hezi, ukiipa 400 kwa 50 inakuwa 8. Chuma cha ndani kinashiba usumaku na koili zinapata moto. Ukifunga kibadilisha masafa, yaani kifaa cha kugeuza hezi za umeme, mbele yake inatulia, lakini ongeza bei hiyo kwenye hesabu. Na friji za 1990 uliza zinatumia gesi gani. Zikiwa bado za R-22, gesi ya zamani inayoharibu ozoni, ziache hukohuko.

Meza za chuma cha pua, masinki na sufuria kubwa nunua bila wasiwasi. Pima tu miguu ya meza: ya melini ina vishimo vya kufungia sakafuni, na mara nyingi imekatwa kwa kuwa boliti zilishika kutu, kwa hiyo mguu mmoja unakuta ni mfupi.